Juu ya nini sanduku la waya linakula umeme usiku kucha?



Munakumbuka bado ile siku ya tatu jioni, wakati ampuli za chumba cha kusomea zilizimika saa mbili na nusu ya usiku. Finalisti walikuwa wangali wanafanya hesabu za Mtihani wa Serikali. Vitabu vilifungwa, watu wakaenda kulala na roho mbaya. Kila mtu alikuwa na neno lake. Wengine walisema batri zimezeeka. Wengine walisema ni mvua, jua halikutoka siku tatu. Wengine walianza hata kutaja majina ya watu, eti wanachomeka simu zao kwa siri.

Mwalimu wetu wa fizika alisema: «Mbele ya kumshitaki mtu, twende kwanza tuangalie.»

Tulikamata toshi, tukafungua chumba cha ordinateri. Chumba hicho kilifungwa tangu saa saba ya mchana. Ordinateri zote zilizimwa. Lakini asubuhi ya siku ile, na siku zote tangu siku ya posho, katika giza la chumba hicho taa ndogo za kijani zilikuwa zinawaka ukutani bila kupumzika: ni lile sanduku jeusi ambalo waya zote zinaingia ndani yake. Tuliporudisha umeme kidogo kwa kujaribu, taa zake ndizo ziliwaka za kwanza.

Mwenzetu mmoja aliuliza: «Mwalimu, iko inafanya nini sasa? Hakuna mtu hata mmoja.»

Mwalimu akajibu: «Iko inangojea. Na kungojea kwake kunakula.»

Neno hilo ndilo lilinisukuma kuandika habari hii. Nataka kueleza ginsi mashine isiyofanya kazi inaweza kumaliza umeme, namna gani watu wenye elimu walitafuta dawa yake, na sisi wenyewe tunaweza kufanya nini.

SANDUKU HILO NI KITU GANI?

Linaitwa swichi. Musichanganye na kile kifaa cha ukutani tunachobonyeza kusudi ampuli iwake. Swichi hii ni kama mtu wa posta. Kila ordinateri inatuma barua zake kwa njia ya waya. Swichi inasoma anwani iliyo juu ya barua, kiisha inaipitisha kwenye waya ya ordinateri inayotakiwa tu, si kwa zote.

Mahali ambapo waya inaingia katika sanduku, Wafaransa wanapaita «port», neno lilelile tunalolitumia kwa kutaja bandari yetu hapa Kalemie, pale mashua zinapoegesha. Mimi nitasema «mlango». Sanduku letu liko na milango 24.

Nyuma ya kila mlango kuna mtumishi wake, ndiyo kipande kidogo cha elektroniki kinachosema na kusikia kwenye waya ile. Milango 24, watumishi 24. Na shida yote inatoka kwa watumishi hawa.

JUU YA NINI WANAKULA HATA WAKIWA KIMYA?

Wengi wetu tunafikiri waya ni kama bomba la maji: ukifunga robine, hakuna kinachopita, hakuna kinachopotea. Si vile. Kwenye waya za upesi, mtumishi wa upande huu na mtumishi wa upande ule ni kama wapiga ngoma wawili. Inawapasa kukaa katika pigo moja. Mmoja akinyamaza kabisa, mwingine anapoteza pigo, na barua ikifika hajui ianzie wapi. Kwa hiyo hata kama hakuna barua, wanatumiana alama zisizo na maana yoyote, kama mtu anayesema «niko, niko, niko» mchana na usiku.

Na pigo lenyewe si la polepole. Kwenye waya ya upesi wa biti milioni elfu moja kwa sekunde, ndani mna jozi nne za nyuzi, na kila jozi inapitisha alama milioni 125 kwa sekunde, kwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Mtumishi anasema na kusikia kwenye uzi uleule. Inamlazimu kufanya hesabu bila kuacha, kusudi atenge sauti yake na sauti ya mwenzake. Hesabu hiyo ndiyo inakula umeme, na haikomi hata kama shule nzima imelala.

Jambo la kushangaza ni hili: mwanzoni haikuwa hivi. Kanuni ya waya iliyotoka mwaka wa 1990, yenye upesi wa biti milioni 10, ilijua kunyamaza. Ikikosa barua, ilibisha hodi mara moja tu, kadiri kila sehemu 16 za elfu za sekunde, kiisha ikatulia. Mwaka wa 1995 ikaja kanuni ya milioni 100, na mwaka wa 1999 ile ya milioni elfu moja kwa waya za shaba. Upesi uliongezeka mara mia moja, lakini tabia ya kunyamaza ilipotea njiani. Watu walifurahia mbio, hawakuuliza bei ya kusimama.

DAWA WALIYOTAFUTA

Mwaka wa 2003, wachunguzi wawili wa chuo kikuu cha Portland State kule Marekani, Maruti Gupta na Suresh Singh, walitoa andiko lililouliza swali rahisi: kama waya nyingi zinakaa bila barua kwa muda mrefu, juu ya nini vyombo vyake havilali?

Wazo moja lililojaribiwa lilikuwa kupunguza mwendo. Kazi ikiwa kidogo, waya iteremke toka milioni elfu moja mpaka milioni 100. Kazi ikirudi, ipande tena. Wazo ni zuri, lakini kubadili mwendo kulidai pande mbili zianze mapatano upya, na mapatano hayo yaliweza kuchukua sekunde nzima ao zaidi. Kwetu sekunde moja ni kitu bure. Kwa waya ya upesi huo, ni barua kubwa zaidi ya elfu themanini zinazosimama foleni. Basi waliiacha njia hiyo.

Njia iliyoshinda ilikuwa kulala na kuamka. Mwezi wa tisa mwaka wa 2010, shirika la mainjinia linaloitwa IEEE lilikubali kanuni yenye namba 802.3az. Inafanya kazi namna hii, kwa waya ya milioni elfu moja (hesabu tunaifanya kwa mikrosekunde, ndiyo sehemu ya milioni ya sekunde moja):

Kwanza, mtumishi akiona hana barua, anamwambia mwenzake: «Naenda kulala.» Kuingia usingizini kunachukua mikrosekunde 182.

Pili, ananyamaza kabisa. Ananyamaza kwa mikrosekunde 20.000, na sehemu kubwa ya hesabu yake inasimama.

Tatu, anajigeuza kidogo, anapiga pigo kwa mikrosekunde 198 kusudi mwenzake asimsahau, kiisha analala tena. Angalieni vizuri hesabu hiyo: katika sehemu mia moja za wakati, sehemu 99 ni kimya.

Nne, barua ikifika, anaamka kwa mikrosekunde 16 na nusu. Ninyi mukipepesa jicho mara moja tu, yeye angeweza kuamka mara elfu kadhaa. Mtu anayefanya kazi kwenye ordinateri hajui hata kidogo kama waya yake ilikuwa inalala.

Lakini kuna masharti. La kwanza, pande zote mbili zijue kanuni hiyo. Swichi mpya ikifungwa na ordinateri ya zamani, zinaulizana waya inapochomekwa, na kama mmoja hajui, wote wawili wanakaa macho. La pili, kwa waya ya milioni elfu moja inapasa wote wawili walale pamoja. Mmoja akiwa na maneno, mwenzake hawezi kunyamaza kabisa.

La tatu ni la hesabu, na mwalimu alilirudilia mara mbili. Barua kubwa inapita kwa mikrosekunde 12 hivi. Kulala na kuamka kunachukua karibu 200. Sasa, kama barua zinakuja mojamoja, kila mara umeamshwa, umepitisha moja, umeanza tena kulala, faida inakwisha njiani. Ni kama mashua ya Moba. Nahodha hawashi moteri kwa abiria mmoja. Anangojea watu watoshe ndipo anatoka. Vilevile vyombo vingine vinakusanya barua kidogo, vinaziondosha pamoja, kiisha vinalala usingizi wa kweli. Lakini abiria wa kwanza anangojea, na kuna kazi zisizopenda kungojea. Ndiyo maana watu wanaopitisha sauti ya muziki ao saa za kupimia kwa uangalifu mkubwa, mara mingi wanaufunga usingizi huo kwa makusudi.

MILANGO ISIYO NA WAYA, NA ILE INAYOLISHA

Kuna mambo mawili tena ya kujua.

Mlango usio na waya, ao wenye waya isiyo na mtu upande wa pili, swichi nyingi za siku hizi zinauzima karibu kabisa. Mtumishi wake anafungua sikio mara kwa mara tu, kusudi asikie kama mtu amefika. Lakini jihadharini: ordinateri nyingi, hata ukizizima kwa kidole, kipande chao cha waya kinabaki macho kama bado zimechomekwa kwenye umeme. Kinangojea kuitwa kwa mbali. Ndiyo maana swichi yetu ilifikiri watu wangali darasani.

Jambo la pili ni milango inayolisha. Kanuni ya mwaka wa 2003 iliruhusu mlango upitishe umeme pamoja na barua, mpaka wati 15 na nusu hivi kwa mlango mmoja. Kwa njia hiyo wanalisha simu za mezani ao antena ya Wi-Fi iliyo juu ya dari, bila kuvuta waya ya pili. Ni kitu kizuri. Lakini antena moja namna hiyo inaweza kula wati nyingi, na kulala kwa kanuni ya 802.3az hakuigusi. Inalishwa tu, hata saa nane ya usiku, hata kama hakuna anayeitumia. Kuufunga mlango mmoja unaolisha kunaweza kuokoa kuliko kuilaza milango mingi isiyolisha. Kwenye swichi kubwa zinazopokea amri, fundi anaweza kuandika saa: mlango huu ufungwe jioni, ufunguliwe asubuhi.

TUFANYE HESABU YETU

Umeme wa mji wa Kalemie unatoka Bendera, kaskazini ya hapa, ambako nguvu ya mto Kyimbi inazungusha mashine. Kituo kile kilijengwa wakati wa Wabelgiji, katika miaka ya 1950, na nguvu yake ni kadiri ya megawati 17, maana yake wati milioni 17. Mbele ya hesabu hiyo, sanduku letu ni tone katika ziwa. Lakini umeme wa mji ukikatika, sisi tunaishi na pano zetu za jua na batri mbili. Katika nyumba ya batri, tone linakuwa kikombe.

Batri mbili za volti 12 na amperi-saa 100 zinachukua, kwa karatasi, wati-saa 2.400. Lakini batri za asidi hazipendi kuteremshwa chini ya nusu; zikiteremshwa kila siku zinakufa mbele ya wakati. Kwa hiyo akiba yetu ya kweli ni wati-saa 1.200.

Tuseme swichi inakula wati 15. Toka saa kumi na mbili ya jioni mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi ni saa 12. Mara 15, ni wati-saa 180 kila usiku.

Sasa tuangalie chumba cha kusomea. Ampuli 5 za wati 9, kwa saa 4, toka saa kumi na mbili mpaka saa nne ya usiku: 5 mara 9 mara 4. Ni 180. Hesabu ni ileile! Sanduku linalomngojea mtu asiyekuja linakula sawasawa na masomo ya usiku ya darasa zima.

Na ile siku ya tatu? Toka siku ya posho, swichi ilikaa macho usiku nne. Mara 180, ni wati-saa 720, zaidi ya nusu ya akiba, wakati mvua inafunga jua na pano hazirudishi kitu cha kutosha. Ongezeni konvertiseri, ambayo nayo inakula kidogo hata ikiwa haina wa kumlisha. Basi hakuna mwizi. Wale waliotajwa majina kwa ajili ya simu, inatupasa kuwaomba musamaha.

Je, kama swichi yetu ingekuwa inajua kulala? Tuseme kila mlango ungeokoa karibu sehemu 4 za kumi za wati moja, na milango 20 inalala. Ni wati 8. Zingebaki 7, kwa sababu sanduku lenyewe liko na ubongo wake na kipande cha kubadili umeme, ambavyo havilali pamoja na milango. Wati 7 kwa saa 12 ni 84. Tungeokoa 96, si 180. Ni faida, lakini si faida yote.

Basi tuelewe vizuri kazi ya kila dawa. Usingizi wa milango ni wa mchana, wakati watu wako darasani na barua zinakuja na kusimama, zinakuja na kusimama. Hapo hakuna mkono wa mtu unaoweza kuzima na kuwasha upesi namna ile. Lakini usiku, wakati chumba kimefungwa, dawa iliyo bora ni kidole.

TUMEPATANA KUFANYA NINI?

Mwalimu wa fizika na prefe wa masomo walikubali mambo haya:

1. Swichi, ruta na ordinateri zote zimechomekwa kwenye rale moja yenye kizimio. Anayefunga chumba anakizima. Ordinateri zizimwe vizuri kwanza, mbele ya kukata umeme, kusudi kazi za watu zisiharibike.

2. Waya zisizotumiwa ziondoshwe kwenye milango.

3. Nyuma ya saa nne ya usiku, konvertiseri nayo izimwe.

4. Siku shule itakapopata feza ya kununua swichi ingine, tuulize kama inajua kanuni ya 802.3az, na tusinunue ya milango 48 kama tuko na ordinateri 20.

5. Kila juma darasa moja litakuwa na zamu. Karatasi ya zamu imebandikwa mlangoni.

Jambo hili si la shule yetu tu. Nyumbani kwenu kuna sanduku la televisheni linalowasha taa nyekundu usiku kucha, kuna chaja iliyoachwa ukutani, kuna redio isiyozimwa vizuri. Kila moja inangojea. Ukiwa na umeme wa mji hutaona kitu, lakini ukiwa na batri, utaona saa mbili na nusu ya usiku.

NENO LA MWISHO

Katika ibada ya asubuhi mchungaji alitukumbusha mfano wa wanawali kumi, katika Injili ya Mathayo, sura ya 25. Wengi tunaposoma tunafikiri wajinga walilala na wenye akili walikesha. Someni tena. Wote kumi walilala. Tofauti haikuwa katika usingizi. Tofauti ilikuwa mafuta: sauti ilipokuja usiku wa manane, watano walikuwa na mafuta ya kuwasha taa, na watano hawakuwa nayo.

Mimi naona mainjinia wa mwaka wa 2010 waliwafundisha watumishi wa milango kitu kama hicho: kulala si kosa, kama unatunza mafuta na unaamka mara moja unapoitwa. Kosa ni kumaliza mafuta katika kungojea, na saa ya kazi ikifika taa inazimika.

Finalisti wako na mtihani mbele yao. Tangu rale izimwe kila jioni, ampuli zao zimefika saa nne bila kuzimika hata mara moja. Juma hili zamu ni ya darasa la nne. Tafazali, musisahau.

Mwanafunzi wa darasa la sita, Math-Fizika